Nyumba ya likizo na mgeni mwenye ulemavu: maswali ambayo wenye nyumba huuliza

Majibu haya ni ya yeyote anayepangisha nyumba, fleti au chumba kwa wageni wa siku chache, na anayetaka mgeni anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona, kiziwi au mwenye ulemavu mwingine akae kwake bila kuhangaika. Kabla hujaendelea kusoma, tafuta futikamba. Kwa kuanzia utaihitaji kuliko utakavyomhitaji fundi.

Mgeni ameniuliza kama nyumba yangu inafaa kwa watu wenye ulemavu. Nijibu ndiyo au hapana?

Mjibu kwa vipimo. Neno "inafaa" halimwambii kitu, kwa sababu wewe hujui ulemavu wake na yeye haijui nyumba yako. Anayesukuma kiti chepesi kwa mikono na anaweza kusimama na kupiga hatua mbili tatu anahitaji nyumba tofauti kabisa na anayetumia kiti cha umeme na kuhamishiwa kitandani kwa mashine. Mwandikie hivi:

"Kutoka maegesho hadi mlangoni ni zege tupu, hakuna ngazi. Kizingiti cha mlango wa mbele kina kimo cha sentimita 2. Mlango ukiwa wazi una nafasi ya sentimita 84. Mlango wa bafu una sentimita 71. Shawa ina ukingo wa kuvuka wa sentimita 10. Kitanda, pamoja na godoro, kina kimo cha sentimita 52."

Mgeni mzoefu akisoma mistari hiyo atajua mara moja kama anakuja au haji. Asipokuja, hajapoteza nauli yake, nawe hujapata mtu aliyekwama mlangoni kwako usiku na mizigo yake. Ukiniuliza mimi, nyumba yenye kasoro iliyoelezwa kwa ukweli ni bora kuliko iliyokarabatiwa kwa gharama kubwa halafu ikaelezwa kwa neno moja.

Kwani wageni wa namna hii ni wengi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 duniani wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani takriban mtu 1 kati ya 6. Na wengi wao husafiri na wenzao. Familia ya watu saba yenye bibi anayetumia kiti cha magurudumu italala pale ambapo bibi anaweza kuingia, wote saba. Ongeza aliyevunjika mguu, mzazi mwenye kigari cha mtoto, na mzee ambaye katu hatajiita mlemavu lakini ngazi zimeanza kumshinda.

Sheria inanibana?

Inategemea nchi uliyopo na ukubwa wa biashara yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaligusa jambo hili mara mbili: Ibara ya 9 inahusu kufikika kwa majengo na huduma zilizo wazi kwa umma, na Ibara ya 30 inataja burudani na utalii waziwazi. Baada ya hapo kila nchi ina sheria zake. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayozihusu nyumba nyingi za wageni, ila inaliacha nje jengo lenye vyumba vya kupangisha visivyozidi 5 ambamo mwenyewe anaishi. Uingereza, kwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, humtaka mtoa huduma afanye marekebisho yaliyo ndani ya uwezo wa kawaida. Waulize wanaosimamia majengo katika eneo lako kabla hujavunja ukuta. Ikiwa jengo ni la kihistoria, au fleti yako imo ndani ya jengo la watu wengi, uliza mara mbili.

Fedha yangu ni ndogo. Nianzie wapi?

Ifuate njia ambayo mgeni ataipita: anashuka kwenye gari, anafika mlangoni, anaingia, anakifikia kitanda, anakwenda chooni. Tafuta mahali pa kwanza ambapo safari hiyo inakatika, rekebisha hapo, ndipo uendelee. Bafu la kisasa halimfai mtu aliyekwama nje kwenye kokoto zinazomeza magurudumu.

Mengi hayahitaji hata senti. Kunja mazulia madogo uyaweke kabatini. Sogeza viti na meza hadi ubaki na njia ya sentimita 90 kutoka mlangoni hadi kitandani. Shusha sahani na vikombe kadhaa kwenye kabati la chini. Kisha litazame kasha la ufunguo pale nje, lile linalofunguliwa kwa namba ya siri: mara nyingi hufungwa juu sana, nyuma ya ua, na tarakimu zake ni ndogo kama punje. Lishushe liwe kama mita moja kutoka chini, mahali penye taa, na mbele yake pawe tambarare.

Mlango unapimwaje?

Ufungue hadi digrii 90, halafu pima kutoka uso wa mlango wenyewe hadi upande wa pili wa fremu. Wengi hupima fremu kwa fremu, wakasahau kwamba unene wa mlango nao unakula nafasi. Viwango vya Marekani vinataka nafasi wazi isiyopungua sentimita 81.5. Kama unajenga upya, weka 90 uache kuhesabu.

Mlango ukipungukiwa kidogo, usikimbilie kubomoa. Zipo bawaba zenye kiwiko ambazo huutoa mlango wote nje ya njia na kukurudishia sentimita 4 au 5. Mlango wa chumba usio na kazi unaweza kung'olewa. Vitasa vya mviringo vibadilishe kwa vya kukandamiza chini, maana asiye na nguvu vidoleni huvifungua kwa kiwiko. Na mlango wa bafu ufunguke kwa nje: mtu akianguka ndani ya bafu dogo, mwili wake huuzuia mlango unaofunguka kwa ndani, na anayekuja kumsaidia hawezi kuingia.

Nina ngazi mbili tu mlangoni. Ubao hautoshi?

Piga hesabu. Uwiano unaotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 17 ni sentimita 34, kwa hiyo unahitaji rampu, yaani njia ya mteremko ya kupita kiti, ya zaidi ya mita 4, na juu yake sehemu tambarare ya kama mita moja na nusu ili mtu asimame kufungua mlango bila kurudi kinyumenyume. Ubao wa mita moja juu ya kimo hicho ni mtego. Anayejisukuma atashindwa kupanda, na kiti cha umeme kinaweza kupinduka.

Upana usipungue sentimita 91.5. Kingo za pembeni ziwepo ili gurudumu lisichomoke, na rampu inayopanda zaidi ya sentimita 15 iwe na mikono ya kushikilia pande zote mbili. Rampu za alumini za kukunja zinasaidia kwa kizingiti au ngazi moja, lakini soma uzito unaoruhusiwa: kiti cha umeme peke yake chaweza kuzidi kilo 100, kabla mtu hajakikalia.

Ikiwa haiwezekani, haiwezekani. Andika kwenye tangazo: "Ngazi 2, kila moja sentimita 17, mkono wa kushikilia uko kulia ukipanda." Wapo wanaopanda ngazi mbili wakishindwa tano.

Na bafu?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapofeli, na hapa ndipo fedha yako ina faida zaidi.

Anza na nafasi ya kugeuza kiti. Kipimo kinachotumika ni duara la kama sentimita 152. Bafu nyingi za zamani hazina nafasi hiyo hadi uondoe beseni la kuogea, au kabati lililo chini ya sinki. Sinki likiachwa wazi chini, magoti yanaingia. Kumbuka kufunika bomba la maji ya moto linalopita hapo: asiye na hisia miguuni hataujua moto wa bomba mpaka ngozi iwe imeungua.

Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48, kikaribiane na kimo cha kiti cha magurudumu ili mtu ahame bila kupanda wala kudondoka. Kisha mwambie mgeni nafasi iko upande gani. Aliyepooza upande mmoja huhama kwa kutumia mkono mmoja tu, hivyo choo chenye nafasi kushoto kinaweza kumfaa yeye na kisimfae mwenzake. Andika "ukiwa umekaa chooni, nafasi wazi ya sentimita 80 iko kushoto kwako", na nafasi hiyo ibaki wazi kweli. Pipa la taka, sijui kwa nini, hupenda kuishi hapo hapo.

Vyuma vya kushikilia hufungwa kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, na kila kimoja kinapaswa kuhimili kama kilo 113. Kwa hiyo fundi ajue anatoboa nini. Ukuta wa tofali zima una skrubu zake, tofali la matundu lina zake, na ukuta wa jasi unataka kipande cha mbao nyuma yake kabla ya vigae kupigwa. Kama uko katikati ya ukarabati, weka mbao hizo sasa hata kama vyuma utafunga mwakani. Vile vya kunyonya ukuta, vinavyobandikwa kwa mpira, usivitegemee kwa uzito wa mtu, maana hubanduka bila taarifa. Na mtu anayeteleza hushika chochote kilicho karibu, hata kile kichuma chembamba cha taulo. Basi karibu na choo na shawa funga chuma cha kushikilia, taulo itundikwe juu yake.

Shawa bora ni ile ambayo sakafu yake inaendelea na ya bafu bila ukingo, ikiinama kidogo tu kuelekea tundu la maji. Weka pazia badala ya mlango wa kioo. Kichwa cha shawa kiwe cha kushika mkononi, chenye mpira wa sentimita 150, na koki zifikiwe na aliyekaa. Kiti cha kuogea kiwe na mahali pa kuegemeza mikono, na miguu yake iwe na mpira chini. Kile cha plastiki cha bustanini huteleza na miguu yake hupinda. Vigae vidogo vyenye mistari mingi hushika mguu kuliko vigae vipana vinavyong'aa.

La mwisho ni joto la maji. Maji ya digrii 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Funga koki inayodhibiti joto, shawani yasizidi digrii 49.

Ninalo beseni la kuogea tu. Ubao wa kukalia juu yake unasaidia?

Baadhi ya watu, ndiyo. Lakini usiandike "bafu la watu wenye ulemavu" kwa sababu ya ubao. Andika "beseni, ukingo sentimita 55, ubao wa kukalia upo".

Kitanda kina shida gani?

Kwanza kimo. Kati ya sentimita 45 na 50, kipimwe mtu akiwa amekaa juu ya godoro, si kabla. Vitanda vya kifahari vyenye magodoro mazito huwa juu mno, mtu hupanda kama anapanda ukuta. Upande mmoja, na vizuri zaidi pande zote mbili, acha sentimita 90.

Pili, uvungu, jambo ambalo wengi hawalisikii mpaka siku mgeni amefika. Mashine ya kumwinua mtu na kumhamisha huwa na miguu mirefu inayoingia chini ya kitanda. Kitanda cha boksi kilichozibwa hadi sakafuni huizuia, na mgeni hawezi kulala hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Uvungu wa sentimita 15 kwa kawaida unatosha. Pima, andika.

Tatu, soketi. Kiti cha umeme huchajiwa usiku, na wengine hulala na mashine ya kupumulia. Soketi iliyo nyuma ya kabati haimsaidii mtu.

Nne, anayemsaidia mgeni atalala wapi? Msaidizi aliyeajiriwa hataki kulala kitanda kimoja na mwajiri wake, na kochi la sebuleni liko mbali asisikie akiitwa. Vitanda viwili katika chumba kimoja, au chumba cha pili jirani, huamua mengi kuliko mapambo.

Jiko nalo nilivunje?

Hapana. Wageni wa siku nne hawahitaji jiko jipya. Weka birika la umeme na maikrowevu mahali mtu aliyekaa anapofikia, na meza moja yenye nafasi ya sentimita 70 chini yake. Meza yenye mguu mmoja mnene katikati huzuia miguu ya kiti. Friji iwe inafanya kazi sawasawa, kwani wapo watakaoweka insulini humo, na insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8 bila kuganda.

Nyumba yangu iko ghorofa ya tatu, haina lifti. Basi haya hayanihusu?

Yanakuhusu. Ngazi zako hazimzuii kiziwi, wala asiyeona, wala mtoto mwenye usonji. Andika idadi ya ngazi, kisha soma majibu yanayofuata.

Mgeni ni kiziwi. Nini kibadilike?

Acha kuandika "nipigie simu ukifika". Toa namba ya ujumbe, na ujibu haraka. Kengele ya mlango iwe na taa. Kengele ya moshi inayolia tu haimwamshi asiyesikia. Zipo zinazowaka taa kwa kumetameta na zenye kisahani cha kutetema kinachowekwa chini ya mto. Taa za kumetameta zinaweza kumletea shida mwenye kifafa, kwa hiyo zitaje kwenye maelezo. Washa maandishi kwenye televisheni. Ukimpokea mwenyewe, simama penye mwanga, uso wako ukimwelekea, kwa kuwa wengi husoma midomo.

Na mgeni asiyeona?

Mtumie maelezo ya nyumba kabla hajafika, kwa maandishi ya kawaida ambayo simu yake inaweza kuyasoma kwa sauti. Picha ya karatasi ya maelekezo haisomeki. Eleza kama anayetembea: "Ukiingia, jiko liko kulia, hatua nne mbele kuna kochi, bafu ni mlango wa pili kushoto." Akifika, mpe kiwiko akishike, mzunguke nyumba mara moja. Baada ya hapo usihamishe kitu, na waambie wanaofanya usafi hivyo hivyo. Mlango ulioachwa nusu wazi ndio unaompiga mtu usoni.

Adui mkubwa jikoni ni majiko na mashine za kufua zenye vioo vya kugusa, vilivyo laini kote. Vitone vya mpira vya kubandika, kimoja kwenye kitufe cha kuwasha na kingine kwenye kipimo kinachotumika zaidi, vinatosha. Kwa wenye uoni hafifu, tofauti ya rangi ndiyo taa: mstari wa rangi kali ukingoni mwa kila ngazi, alama kwenye milango ya kioo, na kiti cha choo cha rangi nyingine kama choo, sakafu na ukuta vyote ni vyeupe.

Familia ina mtoto mwenye usonji. Wanataka nini hasa?

Wasikutane na mambo ya ghafla. Tuma picha kwa mpangilio, kuanzia getini hadi kitanda atakacholala. Sema ukweli kuhusu kelele: barabara, majirani, jogoo, ujenzi. Punguza manukato ya kupulizia na sabuni kali (mwenye pumu naye atakushukuru). Kama kuna bwawa, au lango linaloelekea barabarani, eleza linafungwaje na kufuli liko kimo gani.

Siruhusu wanyama. Mbwa kiongozi je?

Mbwa aliyefunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa, na nchi nyingi zina sheria inayomlinda. Usitoze ada ya mnyama. Nchini Marekani mtoa huduma anaruhusiwa maswali mawili tu pale ambapo kazi ya mbwa haionekani: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Kudai cheti hairuhusiwi. Weka bakuli la maji, onyesha mahali pa kumpeleka haja.

Naweza kutoza zaidi kwa chumba kilichorekebishwa?

Usifanye hivyo. Pengine ni kosa kisheria, na hata pasipo sheria ni kumlipisha mtu kwa kuingia chooni.

Naruhusiwa kumuuliza mgeni ana ulemavu gani?

Ugonjwa wake haukuhusu. Unachohitaji kujua ni nini kiandaliwe. Waulize wageni wote swali moja wanapohifadhi nafasi: "Kuna kitu tukiandae kabla hujafika?" Anayetaka kukuambia kiti chake kina upana gani atakuambia.

Picha za tangazo zipigweje?

Wapiga picha hupenda kona, mwanga na maua. Mgeni huyu anataka kuona kizingiti. Weka futikamba wazi mlangoni upige ili namba zisomeke. Piga choo kutoka mbele, pande zote mbili zionekane, kisha shawa na sakafu yake, kitanda kutoka ubavuni ili uvungu uonekane, na njia yote kutoka kwenye gari hadi ndani. Chini ya kila picha andika maneno yanayoieleza, kwani asiyeona naye anachagua nyumba. Tovuti za kupangisha zina visanduku vya kutia tiki kuhusu ufikivu. Tia tiki pale tu ambapo unayo picha ya kuthibitisha.

Nyumba haitafanana na hospitali?

Si lazima. Vyuma vya kushikilia vinauzwa vyeusi, vya rangi ya shaba na vya mbao. Shawa isiyo na ukingo huonekana ya kisasa, na wageni wasio na ulemavu huisifu bila kujua imewekwa kwa ajili ya nani.

Moto ukizuka?

Fikiria kabla. Lifti haitumiki wakati wa moto, kwa hiyo mpe chumba cha chini asiyeweza kushuka ngazi. Njia ya kutokea ipitike kwa kiti, na iwe na upana ule ule uliouandika kwa mlango wa mbele. Rampu ya kukunja haina maana ikiwa imehifadhiwa stoo wakati mgeni yuko ndani. Mweleze siku ya kwanza atoke wapi, na kiziwi mwachie kwa maandishi.

Lifti imeharibika na mgeni anafika kesho. Nimwambie au ningoje fundi?

Mwambie sasa hivi, kabla hajatoka kwake. Mpe taarifa kamili: imeharibika lini, fundi anatarajiwa saa ngapi, ngazi ziko ngapi. Mwache achague kusogeza tarehe au kurudishiwa fedha yote, na umtajie nyumba ya mwenzako unayeijua vipimo vyake. Vivyo hivyo kwa kiti cha kuogea kilichovunjika, rampu iliyoazimwa haijarudi, au kengele ya taa iliyoishiwa betri: vitu hivyo vikaguliwe kila mgeni anapoondoka, sambamba na mashuka.